Dola 45 juu ya mashini niliyoambiwa ni mpya

BARUA

Yaya, jambo yako.

Mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi, na nina sekretaria ndogo mbele ya nyumba. Ninapiga barua na CV za vijana wanaotafuta kazi kwenye kampuni za shaba, ninachapa memuari za wanafunzi, ninatoa fotokopi za kadi ya mchaguzi na picha za pasipoti. Minervali, feza ya shule ya watoto, inatoka hapo, na bukari ya jioni inatoka hapohapo.

Mwezi wa nane mwaka 2025 umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, mashini yangu ya zamani ya kompyuta ikafa palepale. Bahati zamu yangu ya likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana, ilikuwa imefika. Nikachukua ile feza, nikapanda basi hadi mjini, kwenye magazini ya mtu tunayesali naye kanisa moja. Nilimwambia waziwazi: ninataka mpya, sitaki okazio iliyokwisha kutumika. Akanitolea moja ndani ya karton, dola 320. Fakitire, ile karatasi ya kununulia, ina muhuri, na ameandika kwa mkono wake, kwa Kifaransa, kwamba mashini ni mpya.

Ilikuja na Windows 10, ile programu inayoiendesha. Katikati ya mwezi wa kumi kwenye kioo yakatokea maneno kwamba Windows 10 imefika mwisho, haitapata tena ulinzi. Kijana wangu mkubwa, anayesoma chuo kikuu, UNILU, akaniambia: "Mama, Windows 11 ni ya bure kwa mwenye 10." Nikarudi magazini. Yule ndugu akanipokea vizuri, akanipa kiti, kisha akasema: "Mama, ulinunua na 10, nilikupa 10. Hiyo 11 ni kitu kingine. Ni dola 45, na hapo nimekupunguzia."

Nilipomweleza bwana yangu, akasimama upande wa muuzaji. Anasema mtu akinunua gari leo, na mwaka ujao kampuni ikatoa injini nzuri zaidi, hawezi kwenda kudai injini. Anasema nitatuabisha kanisani. Tangu siku ile nimenyamaza, lakini ujumbe unarudi kila nikiwasha. Halafu kuna fundi wa hapa kwetu anayesema ataniwekea 11 kwa flashi, dola 10, na itakuwa ya maisha.

Yaya, naomba uniambie ukweli. Aliyenunua kompyuta mpya ana haki ya kupewa Windows mpya bila kulipa, au ni mimi ninayeombaomba? Na dola 45 hizo nizitoe? Nimekuandikia pia yaliyo kwenye kibandiko cha mashini, labda yatakusaidia: Intel Core i5-6300U, memori GB 8.

Mama wa Sekretaria, Katuba

JIBU

Mdogo wangu, nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye kile kibandiko ulichoninakilia mwishoni. Nitakirudia, maana ndicho kilichobadilisha jibu langu. Kwanza nikujibu ulilouliza.

Ndiyo. Aliyenunua kompyuta mpya, toleo la mfumo likafika mwisho miezi miwili baadaye, anastahili toleo linalofuata bila kutoa hata dola moja ya programu. Huombi. Unadai kilichokwisha kulipwa.

Bwana yako ana hoja, na ningependa umjibu kwa heshima, kwa sababu watu wengi wa hapa Lubumbashi wanafikiri kama yeye. Kama Windows 11 ingekuwa rangi mpya na vitufe vilivyohamishiwa katikati ya kioo, ningekaa naye meza moja. Hakuna anayelazimika kukuletea mapambo. Lakini kilichoisha tarehe 14 Oktoba 2025 ni matengenezo, na hapo ndipo mfano wake wa injini unapoteleza.

Mfumo endeshi kama Windows, yaani ile programu kubwa inayosimamia mashini nzima, umeandikwa na watu, na watu huacha makosa. Baadhi ya makosa hayo ni matundu: mtu mbaya akiyajua anaingia, anasoma, anafunga mafaili yako na kukudai feza. Jumanne ya pili ya kila mwezi Microsoft, kampuni yenye Windows, hutoa viraka vya kuziba matundu yaliyogunduliwa. Ile 14 Oktoba ilikuwa Jumanne ya namna hiyo, ya mwisho kwa mwenye Windows 10 wa kawaida. Sasa fikiri vizuri: tundu litakalogunduliwa mwezi ujao lilianza lini? Lilikuwemo tayari siku ulipohesabu dola zako 320. Lilikuwa ndani ya karton pamoja na chaja. Uliuziwa bila mtu yeyote kujua, wala muuzaji, wala wewe.

Kwa hiyo turudi kwenye gari. Mwambie bwana yako aache injini, afikirie breki. Kampuni ya magari ikigundua kwamba breki za aina fulani zilitoka kiwandani na kasoro, inawaita wenye magari na kuzibadilisha kwa gharama yake. Haiwaambii, "mlinunua na breki hizo." Na kama kampuni ingetangaza kwamba kuanzia leo breki zitatengenezwa kwenye modeli mpya tu, mwenye gari la miezi miwili angekuwa na haki ya kupewa hiyo modeli mpya. Kwa magari jambo hilo haliwezekani, chuma ni ghali. Kwa programu linawezekana kabisa, maana nakala ya milioni moja na moja haimgharimu aliyeiandika karibu chochote.

Nisionekane ninakuza hatari. Mwezi wa tano 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, vikafunga mafaili na kudai malipo. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu mwezi wa tatu. Zilizoanguka ni zile ambazo hazikuwa zimekipata.

Na kazi yako iko wazi kwa hatari kuliko nyingi. Mtu aliyeko ofisini peke yake na mashini yake anaweza kujichunga. Wewe unapokea flashi za watu mchana kutwa: ya mwanafunzi aliyetoka sekretaria nyingine, ya kijana aliyetoka saiba, ya baba anayetaka kuchapa barua ya kanisa. Kila flashi imepita mashini kumi kabla ya kufika kwako. Na ndani ya mashini yako mna sura na tarehe za kuzaliwa za watu wa Katuba nzima, kadi zao za mchaguzi, CV zenye namba za simu, memuari ambayo mtu ameifanyia kazi mwaka mzima na nakala nyingine hana. Ukifungiwa mafaili, si wewe peke yako utakayelia. Ndiyo maana nakasirika ninaposikia ulinzi ukiuzwa kama kitu cha anasa.

Bwana yako pia anaweza kuuliza: na waliotengeneza programu wale nini? Swali zuri. Walishakula. Kompyuta inayotoka kiwandani na Windows ndani yake, mtengenezaji wake ameilipia leseni Microsoft kabla mashini haijapakiwa melini, na gharama hiyo imo ndani ya bei, kama ilivyo gharama ya meli na ya mpaka wa Kasumbalesa. Leseni hiyo imefungwa na mashini. Aliyelipa mwishoni ni wewe.

Tena desturi ya kumpa mnunuzi mpya toleo linalokuja ni ya zamani kuliko magazini nyingi za hapa mjini. Windows Vista ilipochelewa mpaka Januari 2007, waliokuwa wamenunua kompyuta zilizoandaliwa kuipokea kati ya 26 Oktoba 2006 na 15 Machi 2007 waliweza kuipata bure au kwa bei ndogo. Windows 7 ilipotoka mwaka 2009, aliyekuwa na toleo la nyuma alilipa dola 119.99 kupanda hadi toleo la nyumbani. Lakini aliyekuwa amenunua kompyuta mpya ya Vista Home Premium au ya juu yake kuanzia 26 Juni mwaka ule hakulipia programu. Mwaka 2012 walirudi nyuma kidogo, mnunuzi mpya akaombwa dola 14.99 kwa Windows 8, na hata hizo mimi sioni zilikuwa za nini. Apple ilipotoa Lion, toleo la mfumo wa kompyuta zake za Mac, mwezi wa saba 2011 kwa dola 29.99, aliyenunua Mac kuanzia 6 Juni alipewa bure, na tangu toleo la Mavericks, Oktoba 2013, hakuna mwenye Mac anayelipia toleo jipya. Microsoft ilifuata 2015: Windows 10 ikawa bure kwa mwaka mmoja kwa wenye 7 na 8.1. Na Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ni bure kwa mwenye Windows 10 halali, mradi mashini yenyewe iweze kuibeba. Kijana wako alisema kweli. Muuzaji anakuuzia kwa dola 45 kitu ambacho mwenyewe hatoi chochote kukipata.

Kitu kimoja tu anaweza kukutoza, na nitakuwa wa kwanza kumtetea: kazi. Kupakua Windows 11 ni GB 5 na zaidi, na wewe unajua bei ya mega. Kuna saa za fundi, kuna umeme, kuna kuhifadhi mafaili yako kabla ya kuanza. Mtu akikuambia "programu ni bure, kazi yangu ni kiasi hiki," mlipe na umshukuru. Lakini akuandikie kwenye fakitire kwamba ni kazi. Na magazini inayouza mashini kila siku inaweza kupakua mara moja, kuweka kwenye flashi, na kuwahudumia wateja wake wote kwa mega zilezile. Ningekuwa na magazini, ningefanya hivyo bila kuombwa.

Sasa kibandiko.

Uliandika i5-6300U. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari: ni 6. Maana yake ni kizazi cha sita cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za kampuni ya Intel, na hiyo 6300U ni ya mwaka 2015. Windows 11 inataka, kwa Intel, kizazi cha nane na kwenda juu (ungesoma kwa mfano i5-8250U), pamoja na kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, memori ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Memori unayo ya kutosha. Prosesa haimo kwenye orodha. Mwambie kijana wako abonyeze kitufe chenye dirisha pamoja na R, aandike msinfo32, asome jina la prosesa ndani ya mashini yenyewe, maana vibandiko hubanduliwa na kubandikwa. Akitaka uhakika zaidi apakue programu ya ukaguzi ya Microsoft, PC Health Check.

Kama ndani kumeandikwa hivyohivyo, mdogo wangu, mashini yako haikuwa mpya. Mwezi wa nane 2025 hakuna mtengenezaji mkubwa aliyekuwa akitoa kiwandani kompyuta ya prosesa ya 2015. Na Windows 10 yenyewe, Microsoft iliacha kuiuza kwenye tovuti yake tangu mwisho wa Januari 2023. Ulichouziwa kwa uwezekano mkubwa ni mashini ya ofisi fulani ya ng'ambo, iliyotumika miaka yake, ikasafishwa, ikapewa karton. Okazio sio dhambi. Wengi tunafanya kazi na okazio na zinatulisha. Kuiita mpya na kuandika hivyo kwa mkono wake mwenyewe, hapo ndipo alipokukosea.

Na ndiyo maana dola 45 zinanisumbua mara mbili. Angekuwekea nini? Kuna njia za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashini isiyokubalika, fundi wengi wanazijua, na mashini inawaka. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba kompyuta za namna hiyo hazina haki ya kupata masasisho, hata yale ya usalama. Ungelipa ili utoke kwenye mfumo usiotengenezwa na kuingia kwenye mwingine usio na uhakika wa kutengenezwa.

Jambo hili lilishatokea kwa nchi tajiri pia. Mwaka 2006 kompyuta ziliuzwa Marekani zikiwa na kibandiko kwamba zinaweza Vista, kumbe nyingine ziliweza lile toleo dogo kabisa, bila ule uzuri uliotangazwa. Wanunuzi walifungua kesi Seattle mwaka 2007. Mwaka 2009 jaji aliiondolea kesi ile hadhi ya kuwakilisha wanunuzi wote kwa pamoja, na nguvu yake ikaisha. Tangu niliposoma habari zile, nikimsikia mtu akiahidi toleo la bure, nauliza kwanza kama mashini inalibeba.

Basi ufanye nini.

Leo, kabla ya kwenda kwa mtu yeyote, jilinde. Kwa watu wa nyumbani Microsoft iliongeza mwaka mmoja wa viraka vya Windows 10, hadi 13 Oktoba 2026, kwa anayejiandikisha. Ziko njia tatu: kulipa dola 30, kutumia pointi 1,000 za mpango wao wa zawadi, au kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali kuhifadhi mipangilio ya mashini kwenye akaunti hiyo. Hii ya tatu hailipiwi, na haikulazimishi kupandisha mafaili ya wateja. Windows 10 yako iwe ya toleo la 22H2. Kiungo cha kujiandikisha kiko kwenye mipangilio, ukurasa wa Windows Update. Kijana wako ataimaliza jioni moja. Wenzetu wa Ulaya walipewa mwaka huo bure hata bila sharti la kuhifadhi mipangilio, kwa sababu chama cha wanunuzi, Euroconsumers, kilisimama kikadai. Kwao pia imeandikwa katika sheria, ikitumika tangu 1 Januari 2022, kwamba muuzaji wa kitu chenye programu ndani yake ahakikishe mnunuzi anapata masasisho kwa muda ambao mtu mwenye akili timamu angeutarajia. Sheria ile haivuki Kasumbalesa, lakini fikra yake ni ileile unayoihisi wewe moyoni, na sioni kwa nini mama wa Katuba astahili kidogo kuliko mama wa Brussels.

Pili, rudi magazini, na safari hii usianze na Windows. Ukianza na Windows atakurudisha kwenye mabishano ya 10 na 11 hadi saa ya kufunga. Anza na neno lake. Nenda saa ambayo hana wateja wengi, maana nia yako ni kutengeneza na hutaki kumwaibisha. Mwambie hivi: "Ndugu, nilikuomba mpya, ukaandika mpya. Prosesa hii ni ya 2015. Sikuja kugombana, nimekuja turekebishe." Kisha nyamaza, umwache aseme. Inawezekana yeye mwenyewe alidanganywa na aliyemuuzia jumla. Wauzaji wengi wananunua mzigo ndani ya karton bila kufungua. Ikiwa hivyo, atakuwa na aibu yake, na mtu mwenye aibu ya kweli huwa tayari kusikilizana.

Dai moja kati ya haya mawili. Akubadilishie mashini kwa nyingine ya kizazi cha nane au zaidi, hata ikiwa okazio, mradi aseme ni okazio, na Windows 11 iwe imewekwa na kukubaliwa, bila nyongeza. Au ubaki na hii na akurudishie tofauti ya bei kati ya mpya na okazio. Mimi ningechagua la kwanza. Usikubali "nitakuwekea 11 bure" kama malipo ya kosa. Kwenye mashini hii hilo halikusaidii.

Akikataa kabisa, ujue kwamba huna mikono mitupu. Sheria yetu ya mikataba ni ya kale, amri ya 30 Julai 1888, lakini bado inasimama, na inasema mkubaliano uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kuvunjwa, na muuzaji anabeba kasoro zilizofichika za kitu alichouza. Hutakiwi kukawia unapodai kwa ajili ya kasoro, kwa hiyo miezi uliyonyamaza inatosha. Sikutumi mahakamani kwa dola 320, ungepoteza zaidi njiani. Ninakwambia ili sauti yako isitetemeke. Kabla ya hapo kuna wazee wa kanisa lenu. Mweleze mmoja mwenye busara, wewe na bwana yako mkiwa pamoja.

Na bwana yako. Usimwendee na maneno ya Windows, mwendee na fakitire na jina la prosesa. Yeye alikuwa anamtetea muuzaji aliyeuza kitu kipya. Muuzaji huyo hayupo. Nadhani akiona mwaka 2015, yeye mwenyewe atavaa viatu. Aibu ya kanisani haiwezi kuwa ya mama aliyelipa feza ya likelemba, akahesabu hadi ya mwisho mezani.

Fundi wa dola 10 mwambie asante, bado. Namheshimu fundi, na katika mji huu bila wao tungekuwa tumezima zote. Lakini "ya maisha" kwa flashi, mara nyingi ni programu ya kuvunja leseni, na programu hizo ndizo zinazopenda kubeba virusi ndani yake. Kwa mtu anayecheza michezo nyumbani ni hasara yake. Kwa wewe unayeshika karatasi za watu, hapana.

Fundi huyohuyo anaweza kukufaa kwa jambo lingine, ikiwa utabaki na mashini hii baada ya 13 Oktoba 2026. Iko mifumo ya Linux, kama Ubuntu na Linux Mint, ambayo hailipiwi, na matoleo yake mapya hayalipiwi pia, Ubuntu 24.04 inapata matengenezo ya kawaida mpaka 2029. Prosesa yako ya 2015 na memori ya GB 8 inaibeba bila shida. Mwambie aiwashe kutoka kwenye flashi bila kuiweka, uone kama printa yako na mashini ya kuskani zinaitikia. Nikwambie na ubaya wake, kwa kuwa ni kazi yako: memuari iliyoandikwa kwa Word ukiifungua kwa LibreOffice, programu ya kuandikia ya kwenye Linux, kurasa zinaweza kuhama, majedwali na tanbihi zikakaa vibaya, na mwanafunzi anayekwenda kujitetea kesho hatakuelewa. Waombe wateja walete PDF kwa kuchapa. Kwa kupiga barua na CV kuanzia mwanzo hutaona tofauti kubwa baada ya wiki mbili.

Dola 45 ziweke. Katoe kwanza nakala tatu za mafaili ya kazi kwenye disk ya nje, umalize usajili wa ule mwaka wa viraka, ndipo uende mjini. Ukienda, usibebe fakitire ya asili. Una mashini ya fotokopi mbele ya nyumba: toa nakala, hiyo ndiyo umwekee mezani, na ile yenye muhuri ibaki Katuba.